Baiskeli, vilima vya Usambara na maji ya mto: Mambo ya kujua kabla ya safari



Ndugu msomaji, katika miaka hii ambayo bodaboda imeingia kila kitongoji, baiskeli imeanza kuonekana kuwa chombo cha mtu asiyekuwa na uwezo. Kijana aliyekuwa akienda madrasa kwa baiskeli sasa anapakiwa, na baba mwenye kitambi anapakiwa kwenda msikiti ulio mita mia tano kutoka nyumbani kwake. Matokeo yake tunayaona katika zahanati na vituo vya afya: shinikizo la damu, kisukari, magoti na viuno vinavyouma kabla mtu hajafika hata miaka 45. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya kiasi. Baiskeli ni katika njia nyepesi za kufikia kiwango hicho, kwa sababu uzito wa mwili unabebwa na kiti na magoti hayagongwi kama katika kukimbia.

Mazoezi si jambo geni kwetu. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a). Hivyo basi, vijana wa madrasa wanapopanga safari ya baiskeli ya siku mbili au tatu katika njia tulivu za milimani, mzazi asiharakishe kusema ni upuuzi. Anachotakiwa ni kuuliza maswali yanayofaa: wanapita wapi, watakunywa nini, watatawadha wapi, na breki zao zikoje.

Nichukue mfano wa Mkoa wa Tanga, ambako milima na mabonde ya mito yamekaa karibu karibu. Barabara kuu inayotoka Korogwe kupitia Mombo kuelekea Same na Moshi inapita chini ya Usambara Magharibi, na mandhari yake ni nzuri, lakini kwa baiskeli siishauri hata kidogo. Mabasi na malori yanakimbia, na upepo wa lori peke yake unatosha kumtupa mpanda baiskeli mtaroni. Njia tulivu ziko pembeni. Bonde la mto Lwengera, ambalo linatenganisha Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, lina barabara ya kutoka Korogwe kwenda Magoma hadi Mashewa. Miinuko si mikali, na kuna vijiji na misikiti njiani. Hiyo ndiyo njia ya mtu anayeanza.

Ya pili ni ya kupanda: Mombo, Soni hadi Lushoto. Ni kilomita 33 za lami nyembamba yenye kona nyingi, inayokata korongo la mto mpaka kwenye maporomoko ya Soni. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari na Lushoto kama mita 1,400, maana yake mtu anapanda mita elfu moja kwa siku moja. Siwezi kusema ni kimya kabisa, kwani magari ya abiria na malori ya mboga yanapita, ila hayana kasi ya barabara kuu. Utulivu wenyewe unaanza ukishapita Lushoto kuelekea Magamba, Lukozi na Mtae, au ukikata Soni kwenda Bumbuli. Mwenye baiskeli isiyokuwa na gia atashuka na kukokota sehemu kubwa ya mlima. Hakuna aibu katika hilo, moyo unafanya kazi vilevile.

Msimu nao uangaliwe. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo wa milima hii huteleza na huweza kuporomoka juu ya barabara. Juni hadi Septemba ni bora, lakini baridi ya Lushoto isichukuliwe kimzaha. Kwa kila mita elfu moja unazopanda joto hupungua kama nyuzi sita, na mtu aliyetoka Mombo akitiririka jasho anafika juu na fulana mbichi kwenye upepo. Awe na nguo kavu ya kubadili, na abadili mara tu anaposimama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike, nalo ni maji.

Mpanda baiskeli akiwa bondeni wakati wa jua anaweza kupoteza kwa jasho hadi lita moja kwa saa. Adhuhuri inaingia akiwa amechoka, vumbi limemjaa, na mbele yake kuna mto au mfereji wa mashamba ya mpunga. Anavua viatu, anaingia mpaka magotini, anatawadha, anasukutua, anapandisha maji puani, na akitoka anawaita wenzake. Kwa mtazamo wa twahara hajafanya kosa, kwani maji ya mto ni twahara na yanatwaharisha. Kwa mtazamo wa afya amejiweka kwenye hatari ya kichocho.

Kichocho ni ugonjwa wa minyoo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu. Minyoo hao waligunduliwa na daktari Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana baadhi ya watu huuita bilhazia. Mtu mgonjwa anapokojoa au kujisaidia majini anatoa mayai. Mayai yanaanguliwa na kutoa vijidudu vinavyoingia ndani ya konokono wadogo wa majini. Baada ya wiki kadhaa konokono anatoa maelfu ya vijidudu vingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinaogelea kutafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda. Vinapenya ngozi nzima katika muda wa dakika chache tu, na vinaweza pia kupita katika ngozi laini ya ndani ya mdomo.

Konokono hao wanapenda maji ya vuguvugu, yasiyokwenda kasi, yenye majani: mabwawa, mifereji, kingo za mito ya bondeni. Aidha, vijidudu vya kichocho cha kibofu hutoka kwa wingi wakati wa jua kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Msomaji atazame mwenyewe: adhuhuri iko katikati ya saa hizo. Vijito vya juu milimani, vya baridi na vyenye kasi juu ya mawe, vina hatari ndogo zaidi ya kichocho. Lakini navyo si vya kunywa bila kuchemsha, kwa sababu ya homa ya matumbo na amiba, na kwa sababu milima ya Lushoto ni ya wakulima wa mboga, na kuna mahali pampu za dawa za kunyunyizia huoshwa hukohuko kijitoni.

Na hapa ndipo ninapoona mafundisho ya dini yetu yalivyotangulia hospitali. Mtume (s.a.w) amekataza kukojoa kwenye maji yaliyosimama, na ametahadharisha sana kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanavyopumzikia watu. Lau sisi wakazi wa mabondeni tungeyashika haya mawili tu, mnyororo wa kichocho ungekatika, kwa sababu konokono bila mayai ya mgonjwa hawezi kumdhuru mtu. Kijana anayesafiri kwa baiskeli akibanwa, asogee mbali na maji, mbali na njia na mbali na kivuli, achimbe kishimo na afukie.

Mtu atauliza, nitawadhe kwa nini basi? Jibu ni jepesi kuliko tunavyodhani. Imepokewa kuwa Mtume (s.a.w) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, ambacho kwa makadirio ya wengi hakifiki lita moja. Chupa ya kawaida inayofungwa kwenye fremu ya baiskeli inachukua mililita 750. Kwa hiyo chupa moja ya maji ya bomba au ya kisima inatosha udhu mmoja kwa mujibu wa sunna. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kufungua bomba msikitini na kuliacha likimwagika huku tunazungumza. Kila msafiri awe na chupa ya kunywa na chupa ya udhu, na ajaze katika kila msikiti anaopita. Maji ya mto yaliyotekwa na kukaa siku mbili kwenye pipa safi lisilo na konokono hayana tena hatari ya kichocho, kwa sababu vijidudu vile haviishi muda mrefu bila kumpata mtu. Bado lakini hayafai kunywa mpaka yachemke.

Na pale ambapo maji salama hayakupatikana kabisa, ruhusa ya kutayamam imo katika Qur'an, Surat An-Nisaa aya ya 43 na Al-Maida aya ya 6. Lini hofu ya maradhi inamfikisha mtu kwenye ruhusa hiyo ni suala la mashekhe, na kiongozi wa msafara amuulize imamu wake kabla ya kuondoka, asingojee kubishana kando ya mfereji. Vivyo hivyo kupunguza swala. Wanazuoni wengi wamekadiria masafa ya safari kuwa takriban kilomita 80 na zaidi kidogo. Anayeishi Mombo akienda Lushoto hajafikia masafa hayo hata akitokwa jasho kiasi gani, ilhali aliyetoka Tanga mjini amekwishayapita.

Kwa mto Pangani wenyewe kuna sababu nyingine ya kutoshuka majini: una mamba. Wenyeji wakikuambia mahali fulani hapaogwi, usijitie ushujaa.

Dalili za kichocho zinachelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakowapoteza watu. Saa chache baada ya kutoka majini mtu anaweza kuwashwa, kisha yakaisha. Wiki tatu hadi nane baadaye wengine wanapata homa, kikohozi na uchovu, wakatibiwa malaria. Ndipo baadaye ije damu kwenye mkojo, mara nyingi mwishoni mwa haja. Wapo wazazi wanaoamini kuwa mvulana anayekojoa damu anabalehe. Hiyo si kweli. Damu katika mkojo wa mtoto ni ugonjwa mpaka vipimo viseme vinginevyo.

Kwa wanawake jambo ni zito zaidi, na naomba akina baba walisome kwa makini. Mayai ya kichocho yanaweza kukwama kwenye shingo ya kizazi na ukeni. Mwanamke anapata uchafu, maumivu, vidonda, na damu baada ya tendo la ndoa. Dalili hizo zinafanana na za magonjwa ya zinaa, na hata mtoa huduma asiyeuliza vizuri anaweza kuzichukulia hivyo. Mke aliyekulia bondeni, akichota maji na kufua mtoni tangu utotoni, anaweza kurudi nyumbani na cheti kinachomtia doa ilhali hana kosa lolote. Kabla mume hajatamka neno ambalo halirudi, aulize: je, amewahi kuingia kwenye maji ya mto au mabwawa? Amepimwa kichocho? Msichana ambaye hajaolewa yuko katika hatari hiyo hiyo ya kudhaniwa vibaya. Aidha, damu inayotoka na mkojo kutoka kwenye kibofu si hedhi. Binti asiache swala kwa kudhani kuwa ni siku zake; aende akapimwe, na kuhusu udhu wake amuulize ustadhati.

Dawa ipo nayo ni praziquantel, hupewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, kwa kawaida miligramu 40 kwa kilo. Inaua minyoo waliokomaa, lakini haimkingi mtu atakayerudi kwenye mfereji kesho.

Malaria nayo isisahauliwe. Bondeni Korogwe na Mombo mbu ni wengi, na kadiri unavyopanda Usambara maambukizi yanapungua sana kwa sababu ya baridi. Lakini faida hii ina upande wake wa pili: kijana aliyekulia Lushoto juu mwili wake haujazoea malaria kama wa mwenyeji wa Magoma, hivyo akilala bondeni usiku mmoja bila chandarua anaweza kuugua vibaya kuliko mwenzake. Homa yoyote baada ya safari ipimwe.

Niseme pia juu ya mwili wenyewe kwenye kiti. Wengi wanalalamika ganzi sehemu za siri na mikononi, na wengine kwa haya hawasemi. Ganzi hiyo inatokana na mishipa ya fahamu kubanwa. Kiti kiwekwe kiasi kwamba ukiweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa goti linanyooka, na ncha ya mbele isielekee juu. Simama kwenye pedali kila baada ya dakika kumi hivi, na ubadilishe mahali pa kushika usukani. Ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika inahitaji kuonwa na daktari.

Kunyoa sehemu za siri ni katika sunna za maumbile, na imepokewa kuwa kusizidi siku 40. Lakini usinyoe kwa wembe usiku wa kuamkia safari. Vijeraha vidogo vya wembe, jasho na msuguano wa kiti huleta majipu. Nyoa siku tatu au nne kabla. Ukistanji, jikaushe, unyevunyevu uliofungiwa ndani ya nguo nzito siku nzima ndio unaolea fangasi. Chupi za pamba, mbili au tatu, ndizo zitakazokusaidia kuliko marashi. Akina dada wasijizuie kunywa maji kwa kuogopa kutafuta mahali pa kujisitiri, kwani mkojo kukaa muda mrefu huleta maambukizi. Kuhusu vazi, baibui refu linalopepea ni hatari ya kweli kwenye mnyororo na gurudumu. Suruali pana ndani, na gauni lililofungwa vizuri lisilofika kwenye spoku, ni stara na ni usalama. Masuala ya mahram na msafara wa wanawake nawaachia mashekhe.

Mtoto asipakiwe kwenye keria huku miguu inaning'inia. Kisigino kikiingia kwenye spoku ngozi huchunika, wakati mwingine hadi mfupa uonekane, na kidonda cha kisigino kinachukua wiki nyingi kupona.

Kushuka mlima kunaua zaidi kuliko kupanda. Kabla ya kuteremka kutoka Lushoto kagua raba za breki, zote mbili. Usishike breki moja kwa moja kilomita nzima, kwa sababu raba zinapata moto na kupoteza nguvu. Punguza mwendo kabla ya kona, achia kidogo, shika tena, na simama Soni zipoe. Vaa kofia ngumu juu ya kofia au hijabu yako. Mwenye baiskeli ya breki za vyuma za zamani zilizolegea, pale penye mteremko mkali ashuke atembee. Qur'an imekataza kujitia katika maangamizi (Al-Baqara 195), na kuteremka Mombo bila breki sijui kuite jina gani jingine.

Wenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, maumivu ya kifua wanapotembea, pumu inayosumbua au selimundu wasianze kwa mlima, wamwone tabibu kwanza. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiondoke bila tende au sukari mfukoni. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho la baridi, ale papo hapo, na asiendeshe mpaka atulie. Safari ya namna hii ni bora isiwekwe ndani ya Ramadhani.

Kwa anayeharisha njiani, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa bapa, ni kinywaji cha kutosha wakati akitafuta huduma. Akiumwa na nyoka, asichanje wala kufunga kamba kwa nguvu. Mguu utulizwe na apelekwe hospitali, iwe ya Magunga pale Korogwe au ya wilaya Lushoto. Akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kupata chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Hapa nimewahi kuulizwa kuhusu kuosha mara saba na udongo. Nguo na viatu muulize sheikh wako, na wapo wanazuoni waliosema sabuni inasimama mahali pa udongo. Lakini udongo usiingie kwenye kidonda kilicho wazi, kwa sababu ndani yake kuna vijidudu vya pepopunda.

Aliyekwisha kuingia mtoni bila kujua asipate hofu, wala asikimbilie kupima kesho yake, kwani mayai bado hayatakuwa yameanza kuonekana. Asubiri wiki sita hadi nane, kisha apeleke mkojo na choo maabara. Mkojo mzuri zaidi kwa kipimo hicho ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hasa matone ya mwisho, na ukitembea au kuruka kidogo kabla ya kukojoa mayai huonekana kwa urahisi zaidi. Homa ikija kabla ya hapo aende mara moja, na amwambie tabibu kuwa aliingia kwenye maji ya mto, wapi na tarehe gani.